Kikombe Kisichoonjwa

Vita vya kisiwani vilichukua siku kumi na moja. Massoudi amevisimulia miaka kumi na sita, na amechoka.

Kisiwa chenyewe usiniulize. Yeye mwenyewe hukiita "kule" tu, na watu wa mtaa wa Nyakabiga wanaomfahamu wameridhika na hiyo "kule" yake. Kipo baharini, mbali na ziwa letu, na ni kidogo kiasi kwamba ukianza kukizunguka na kamio, yaani lori, baada ya sala ya alfajiri, adhuhuri inakukuta pale pale ulipoanzia. Kanali mmoja aligoma kuondoka kwenye kiti cha utawala, nchi kadhaa zikatuma askari wa kumwondoa, na katika askari hao walikuwamo vijana wa kwetu Burundi. Katika vijana wa kwetu alikuwamo Massoudi, mwana wa fundi cherehani wa Buyenzi, dereva wa kamio ya mkate. Hakufyatua risasi hata moja. Jambo hilo hulisema kabla hujamuuliza.

Alirudi, akaendelea na jeshi miaka mitatu, akaacha, akafungua garaji Nyakabiga. Garaji ni neno kubwa: ni ua, mabati mawili na shimo la kuingia chini ya gari. Akamwoa Khadidja, wakapata watoto wanne, wa kwanza Faridi. Khadidja hupika pilau isiyo na karafuu, na wageni wakiuliza mbona pilau ya Ijumaa haina harufu, anasema mzee hapendi. Hasemi zaidi, kwa sababu naye hajui zaidi.

Simulizi ya Massoudi inajulikana, hata jirani zake wanaweza kuimalizia. Siku ya kumi ya vita, yeye na mwenzake Bonfils walipeleka mkate kwenye kijiji cha mlimani. Mama mmoja wa kule akatoka barazani na jagi la maji yenye ndimu. Akaonja kwanza, akampa Bonfils, Bonfils akanywa, akashiba, akashukuru. Kisha akateremka barabarani, na huko risasi moja ikampata, hakusikia hata maumivu. Basi.

Hilo la kuonja kwanza lina uzito wake. Kwetu huku hakuna anayempa mtu kikombe bila kukisogongera: mwenye kutoa anaonja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Wazee watakwambia ni adabu. Ni adabu, ndiyo, lakini mji huu una hadithi nyingi za watu waliokunywa mahali fulani, wakalala, wasiamke. Basi mtoto wa Burundi, awe Mkristo awe Mwislamu, anajifunza kuangalia mdomo wa mwenye kutoa kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu.

Katika simulizi ya Massoudi kila kitu ni kweli isipokuwa maji. Mama wa kule hakuonja, na Bonfils hakunywa.

Uongo huo ulizaliwa makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, na Esperance, mama yake Bonfils, alimshika Massoudi mkono wa sare akamuuliza neno moja. Hakuuliza nani alipiga, wala kwa nini, wala kama kuna barua. Aliuliza, "Alikunywa?" Maana asubuhi ile ya safari alikuwa amemmiminia mwanawe maji ya ndizi, akayaonja, akamnyooshea, na papo hapo honi ikalia nje. Kijana akaruka mlangoni akisema atakunywa akirudi. Kikombe kikabaki mezani, na mama akabaki na hofu kwamba mwanawe alikufa na kiu. Na honi ile aliipiga Massoudi.

Sasa wewe ungejibu nini? Massoudi alijibu, "Alikunywa, mama. Alikunywa akashiba." Yule mama akamwachia mkono, na tangu siku hiyo akampenda.

Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajamwona Massoudi. Yeye njia hiyo ameitembea miaka kumi na sita, kutoka Nyakabiga mpaka Mutakura, kila mwaka siku ya kumbukumbu, kula na kunywa kwa mama wa marehemu na kusimulia tena. Na kila mwaka uongo uliongezeka nyama. Ndimu zilikuwapo kweli, lakini tabasamu la Bonfils alipofuta mdomo liliingia mwaka wa tatu, na dua ya mwisho ikaingia mwaka wa sita, Esperance alipouliza kama kijana alikumbuka kusali. Esperance akawa anamwombea yule mama wa kule kila Jumapili kanisani. Angemchukia Massoudi ingekuwa afadhali. Lakini alimpenda, akimkaribisha kiti cha kwanza, wala hakupenda mtu mwingine ammiminie.

Jambo moja tu Esperance alilikataa miaka yote hiyo: kuganduka. Kwetu matanga yana siku yake ya kumalizwa. Ndugu na jirani wanakutana, aliyemwona marehemu mwisho anashuhudia, watu wanakunywa pamoja, na kuanzia hapo mfiwa anarudi kwa walio hai. Wengine wanafanya hivyo baada ya mwaka. Esperance alisema atangoja. Bonfils aliacha mimba, akazaliwa Laure, na bibi yake aliapa haganduki mpaka mtoto huyo afikie umri wa kukaa mbele na kuelewa kinachosemwa. Miaka kumi na sita hakucheza harusini, hakufuga nywele. Watu wa Mutakura walizoea wakaacha kumsema.

Mwaka huu Laure amefikia.

*

Siku hizi garaji ya Massoudi imehamia kwenye foleni ya mafuta. Petroli imeadimika mjini, magari yanalala kituoni siku tatu, siku nne, na yale yaliyoendeshwa mpaka tone la mwisho yanavuta uchafu wa chini ya tangi, pampu inakufa. Basi Massoudi anatembea na sanduku lake la funguo kutoka gari hadi gari, akitengeneza magari yasiyokwenda popote. Ilikuwa Alhamisi, Ramadhani iko katikati, jua linamchoma kisogo, na yeye yuko chini ya teksi ya mtu fulani aliyelala kwenye kiti cha mbele mdomo wazi. Akaona viatu vya shule vimesimama karibu na kichwa chake.

"Tonton Massoudi."

Alijua sauti. Akajivuta nje, akafuta mikono. Laure ana paji la uso la baba yake, pana, na tabia ile ile ya kusimama uzito wote uko mguu mmoja. Massoudi huwa hamtazami muda mrefu.

"Nyogokuru anakusalimia," Laure alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake. "Anasema kuganduka ni samedi hii, keshokutwa, saa nane, hangoji siku ya kumbukumbu. Tonton Pontien ameisha kualika watu. We ndiye utashuhudia."

"Kushuhudia nini tena? Si mulisikiaka yote?"

"Wakubwa benyewe walisikia. Mi nilikuwa mutoto, walikuwa wananifukuza niende kucheza. Nyogokuru anasema ya samedi ni ya mi."

Massoudi alichagua ufunguo kwenye sanduku, akaurudisha. Teksi mbele yao ikasukumwa hatua mbili, na foleni nzima ikafuata kwa mikono.

"Na tena anasema tutaweka maji," Laure akaendelea. "Jagi na kikombe. Atafanya vile yule mama wa kule alifanya." Akahamishia uzito mguu wa pili. "Tonton, yule mama alionja kwanza, kweli, vraiment?"

Kuwadanganya wakubwa ni jambo moja, kwa sababu wakubwa mara nyingi wanaomba wenyewe kudanganywa. Mtoto huyu alikuwa anauliza ili ajue.

"Alionja," Massoudi alisema.

"Ah bon. Merci, tonton."

Akaondoka na mkoba wake mgongoni. Massoudi alirudi chini ya teksi, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alijisikia mchafu, na si kwa oili.

Jioni alipofuturu alikunywa maji, akala tende mbili, supu akaiacha. Khadidja alimtazama. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini akisema anasema.

"Baba Faridi, kila mwaka ukitoka Mutakura unakuya nyumbani kama mugonjwa. Na safari hii haujaenda hata, umeisha kugonjwa."

"Ni jua tu, Mama Faridi."

"Bon, ni jua." Akaondoa bakuli. "Mi sikuulizi unaficha nini. Lakini kufunga si tumbo peke yake. Na ulimi unafunga. Kama unakwenda kusema uongo samedi, ukule tu mchana, ni sawasawa."

Massoudi alijiuliza amejuaje, kisha akaona kwamba hajui kitu: amesema tu kile ambacho kila Mwislamu hufundishwa utotoni, na kimemfikia mwenyewe.

*

Jumamosi alitembea kwa mguu, maana hata basi halikuwepo. Kutoka Nyakabiga alipita Ngagara, akakata Cibitoke, mji mzima uko barabarani unatembea kwa mguu kama yeye, watu wamebeba bidoni tupu za mafuta na nyuso za kuchoka. Koo lilimkauka kabla hajafika nusu ya njia. Na kiu, hasa ile ya kufunga, ndiyo inayomrudisha kule.

Siku ile ya kumi barabara ya mlimani ilikuwa imetandikwa karafuu. Watu wa kule huzianika juu ya lami kwa sababu lami inashika joto, na vita viwepo visiwepo, karafuu hazingoji. Hapakuwa na njia nyingine. Massoudi alipita juu yake taratibu, na mzee mmoja akakimbia pembeni mwa kamio akilia, wala hakulia kwa ajili ya kanali, alilia karafuu zake za msimu mzima. Harufu ikapanda mpaka ndani ya kabini, ikakaa humo. Bonfils, aliyekuwa msindikizaji wake na bunduki yake kati ya magoti, alimwomba mzee radhi kwa Kiswahili kupitia dirishani mpaka wakampoteza kwenye kona. Ndivyo alivyokuwa Bonfils. Mdomo hauna breki, lakini moyo safi.

Na mdomo ule Massoudi alikuwa anauogopa tangu asubuhi. Ilikuwa Ramadhani vilevile. Siku tisa za kwanza za vita Massoudi alifunga, na alihakikisha kila mtu amejua. Chakula chake cha mchana alikigawa mbele ya wote, wenzake wakamwita Sheikh, naye akalipenda jina. Siku ya kumi njaa ikamshinda. Akaingia chini ya kamio kama anayekagua breki, akala paketi nzima ya biskuti. Bonfils akainama kumtafuta, akamwona.

"Sheikh!" alisema, akicheka mpaka kofia ikaanguka. "Kwenyu jua linazama saa mbili ya asubuhi?"

Miaka mingi baadaye imamu wa Buyenzi alimweleza Massoudi kwamba msafiri ana ruhusa ya kula, na askari naye ni msafiri, atalipa siku zake akirudi. Kwa hiyo hata kosa halikuwepo. Alichokosa ni uso wa kukiri.

Waligawa mkate, jua likawa utosini, maji yao yakaisha. Ndipo yule mama akatoka barazani, mtu mzima, leso begani, jagi mkononi. Akatoa salamu ya dini, Massoudi akaiitikia. Lugha yao ni binamu wa Kiswahili, wanaelewana na wa kwetu.

"Umefunga, mwanangu?" alimuuliza.

"Nimefunga, mama," Massoudi alisema, na utamu wa biskuti bado uko kwenye meno.

Yule mama akamwombea dua. Kisha akampelekea Bonfils jagi, kwa sababu msalaba ulionekana shingoni mwake na mtu asiyefunga hanyimwi maji. Bonfils akalipokea kwa mikono miwili. Akangoja. Mama naye akangoja. Yeye alingoja mgeni anywe, na mgeni alingoja mwenye maji aonje.

"Mbona hasogongeri?" Bonfils akauliza kwa Kirundi, na kicheko kilikuwa kimeshamtoka usoni. Siku hizo maneno yalikuwa yamezagaa kambini kwamba wafuasi wa kanali wanatia sumu visimani. "Massoudi. Onja we, basi."

Massoudi alitakiwa kusema neno moja: amefunga. Mama huyu amefunga, hawezi kuonja, maji yake ni salama, kunywa. Lakini alimjua Bonfils. Angecheka, angesema kwa Kiswahili ili na mwenye nyumba acheke: na we Sheikh, biskuti za asubuhi je? Na yule mama aliyetoka kumwombea dua angesikia. Massoudi akanyamaza. Akaliangalia gurudumu la mbele kana kwamba lina pancha.

Bonfils alirudisha jagi kwa heshima, akasema asante, hana kiu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Chini barabarani kulikuwa na bomba la watu wote, akachukua bidoni, akasema anarudi sasa hivi. Risasi ilikuwa moja. Haijajulikana mpaka leo ni ya nani, na kesho yake kanali alitoroka kwa boti, vita vikaisha. Aliyemfikia Bonfils wa kwanza ni yule mama. Alikuwa amekimbia na jagi lake, maji yote yakamwagika njiani.

Hiyo ndiyo kweli ya Massoudi. Haina ushujaa, haina hata adui. Alipofika Mutakura na kuona shitingi la bluu, turubai la kivuli, limefungwa uani kwa Esperance, alitamani kurudi.

*

Watu walikuwa wengi. Pontien, baba mdogo wa Bonfils, mtu wa Gihosha mwenye tumbo na sauti, ndiye aliyeongoza. Alishukuru watu kwa kutembea kwa mguu, akasali, akasema kaka zake wangapi wamekufa na nani amebaki. Picha ya Bonfils ilikuwa mezani, kijana wa miaka ishirini na mitano anayezuia kicheko. Mbele kabisa alikaa Laure na blauzi nyeupe, mikono magotini. Karibu naye Esperance, mdogo wa mwili, nywele fupi za kijivu, leo amevaa imvutano mpya, vazi la sherehe ambalo hakulivaa miaka kumi na sita.

"Sasa mwenye kumuona mwisho," Pontien akasema. "Massoudi, mwanetu."

Massoudi akasimama. Alianza vizuri, kwa sababu mwanzo wote ni wa kweli. Alisimulia kamio, mkate, karafuu juu ya lami, mzee anayelia na Bonfils anayeomba radhi dirishani. Watu wakacheka kidogo, Laure naye akacheka. Alipofika kwenye baraza ya yule mama, Esperance akasimama bila kuitwa. Akachukua jagi mezani, akamimina, akaonja mbele ya watu wote, akamnyooshea kikombe.

"Chukua, mwanangu. Ukunywe vile mutoto wangu alikunywa. Na mi leo niwe yule mama."

Massoudi akakipokea. Kikombe cha bati, maji, kipande cha ndimu kinaelea. Watu wakangoja. Kukataa kikombe kilichoonjwa na mfiwa, siku ya kuganduka, ni tusi ambalo hata mlevi hathubutu.

"Mama," alisema, "nimefunga."

Manung'uniko yakapita. Lakini Esperance alijipiga paji la uso, akatabasamu. "Aah, ni mwezi wenyu! Unisamehe, sikuhesabu. Lete, nitamupa Laure."

Mlango ulikuwa wazi. Angerudisha kikombe, angemaliza simulizi, angeenda nyumbani. Esperance alikuwa ameshakishika kwa upande wake, lakini Massoudi hakukiachia.

"Na ye alikuwa amefunga, mama," alisema. "Yule mama wa kule. Kwa hiyo hakuonja."

Esperance hakuelewa. Alimtazama Laure, akamtazama tena Massoudi.

"Hakuonja. Bonfils akaogopa. Akaniambia nionje mi, na mi nilikuwa nimemudanganya yule mama kama nimefunga, na sikufunga, nilikula biskuti, Bonfils aliniona. Kama ningesema neno, angenicheka mbele ya mama. Niliona haya. Nikanyamaza. Akarudisha maji, akaenda kutafuta ya bomba. Ni pale walimupiga."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Uani ikasikika sauti ya mtoto mchanga tu, analia kwa jirani.

"Tonton," Laure alisema, "juzi uliniambia alionja."

"Nilikudanganya."

Pontien akasukuma kiti. "Miaka seize! Umekula hapa! Umekaa kiti cha kwanza hapa! Kwa biskuti? Mutoto wa watu alikufa kwa haya ya biskuti?"

"Ikala, Pontien," Esperance akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameshika kikombe upande mmoja, Massoudi upande wa pili. "Massoudi. Alikunywa?"

"Apana, mama. Hakunywa."

"Bon."

Akachukua kikombe, akamwaga maji pembeni, akakirudisha mezani na jagi. Kisha akawaambia watu waendelee, vinywaji vipo, hawakutembea mbali hivyo ili wakae na koo kavu. Watu wakanywa, lakini kuganduka kule kulikuwa na sauti ya matanga. Hakuna aliyemsemesha Massoudi, wala aliyemfukuza. Mvua ya dakika kumi ikapiga shitingi, ikaacha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha mwisho, karibu na ukuta, kwa sababu kuondoka bila ruhusa ya Esperance kungekuwa kukimbia, na kukimbia ameshakimbia vya kutosha. Alidhani atajisikia mwepesi. Alijisikia mtupu na aibu, kama kijana wa miaka ishirini na saba, na kiu juu yake.

Saa kumi na moja watu wakaanza kuondoka, Pontien wa mwisho, bila kwaheri. Esperance alikuwa ameingia ndani na jagi, peke yake, akakaa huko. Laure alikusanya chupa uani. Alipofika kwenye kiti cha Massoudi alichukua chupa iliyokuwa miguuni pake, akasita, akaendelea.

Jua lilipozama, simu ya Massoudi ikatoa azana mfukoni. Esperance akatoka na jagi lile lile na kikombe kile kile.

"Ni saa yenyu?"

"Ndiyo, mama."

Akamimina. Macho ya Massoudi yalikwenda yenyewe kwenye mdomo wake, yalivyofunzwa tangu utoto. Esperance akamnyooshea kikombe hivyo hivyo.

"Leo sisogongeri," alisema. "Mutoto wangu aliogopa kikombe chenye mwenyewe hakuonja. Na we ulijua, ukamuacha aogope. Kunywa."

Massoudi aliogopa. Nalisema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe analisema. Mama huyu ametoka kusikia nani alimpeleka mwanawe bombani, na jagi limekaa naye ndani saa nzima. Alimtafuta usoni akaona uchovu tu, miaka kumi na sita ya uchovu, na uchovu hauahidi kitu. Hapo akaijua dakika ile ya Bonfils pale barazani, akiwa na jagi mikononi na rafiki anayetazama gurudumu, na akaona jinsi ilivyokuwa ndefu.

Akasema bismillahi, akanywa. Maji yalikuwa na ndimu mpya. Esperance alikuwa amekata nyingine, maana katika simulizi ya miaka yote maji yale yalikuwa na ndimu. Akanywa mpaka chini.

Esperance akachukua kikombe, akatazama ndani yake.

"Unaona?" alisema, na sauti yake ikakatika. "Ilikuwaka maji tu, Massoudi. Maji tu."

Kisha akaketi kwenye kiti cha karibu na Massoudi, akamwita Laure alete kikombe kingine, ili na yeye bibi yake anywe.